Tusiusingizie uzee: sauti ya baba imekauka kwa wiki sita

Swali la msomaji: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 73. Alivuta sigara kwa miaka mingi, akaacha miaka minane iliyopita. Hii ni wiki ya sita sauti yake imekauka. Akinywa maji anapaliwa, nguo zimeanza kumpwaya, na mara kwa mara hushika sikio la kulia, lakini lilipopimwa likaonekana zima. Yeye anasema ni uzee tu. Kaka zangu wanasema kwa umri wake tusimsumbue kwa vipimo, na kama ni kansa asiambiwe. Mimi ndiye ninayeishi naye. Nitajuaje kama ni saratani ya koo, na ikiwa ndiyo, nimuuguze vipi nyumbani?

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo ulio nao.

Nianze na lisilongoja. Mpeleke baba kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki hii. Usisubiri sauti irudi yenyewe, wala usisubiri ndugu wakubaliane. Mtu aliyevuka miaka 45 ambaye sauti yake imekauka zaidi ya wiki tatu bila sababu inayojulikana anapaswa kutazamwa koo, hata kama hana dalili nyingine yoyote. Baba yako amevuka 70, amevuta sigara, anapaliwa, anakonda, na anaumwa sikio lililo zima. Sisemi kwamba ana saratani, kwa kuwa hilo halisemwi kwa kusoma barua. Asidi ya tumbo inayopanda kooni inaweza kukausha sauti. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ukilegea, mtu hukauka sauti na kupaliwa vilevile. Lakini yote hayo hujulikana kwa njia moja tu: mtu aingie ndani aone.

Sasa huo uzee. Uzee una tabia zake, na ni vizuri uzijue ili usiusingizie. Nyuzi za sauti za mzee hupungua unene zikawa hazikutani vizuri, kwa hiyo sauti huwa nyembamba, yenye pumzi nyingi, na huchoka jioni. Misuli ya kumeza hupunguza kasi. Mate hupungua, hasa kwa mtu anayetumia dawa nyingi. Ila mabadiliko hayo huja kwa miaka, kidogo kidogo, hata watu wa nyumbani wasiyatambue. Ukiweza kutaja mwezi ambao sauti ilibadilika, huo si uzee. Wewe umenitajia mpaka wiki.

Kama kaka zako wanabisha, watafute kwenye simu zao ujumbe wa sauti ambao baba aliwatumia mwaka jana. Msikilize pamoja, kisha mpigieni simu sasa hivi. Watoto wanaoishi mbali na mzazi husikia tofauti hiyo mara moja, na mabishano mengi huishia hapo.

Tulisafishe pia neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku "kansa ya koo" hubeba magonjwa yanayokaa sehemu tofauti, na ndiyo maana simulizi unazosikia kwa watu hazifanani. Kuna koromeo, njia pana inayoanzia nyuma ya pua na mdomo na kushuka hadi shingoni, pamoja na tonsi (vinundu viwili vya pembeni mwa koo) na shina la ulimi. Kuna zoloto, kisanduku cha sauti, kile kinachotokeza mbele ya shingo na kupanda mtu anapomeza. Na kuna umio, mrija wa chakula unaopita kifuani kwenda tumboni. Saratani ya umio madaktari huihesabu peke yake, maana vipimo na tiba yake ni vingine, lakini mgonjwa huja akisema neno lilelile: koo.

Mahali uvimbe ulipoota ndipo panapoamua dalili ipi itangulie. Ukiota kwenye nyuzi za sauti zenyewe, hata ukiwa mdogo kama punje, sauti huharibika mapema, kwa sababu nyuzi hizo lazima zikutane sawasawa ndipo zitetemeke. Tena nyuzi hizo zina mishipa michache sana ya limfu, ile inayopeleka majimaji ya mwili kwenye tezi, na hiyo ndiyo njia kubwa ambayo seli za saratani husafiria. Kwa hiyo ugonjwa wa hapo hujitangaza mapema na huchelewa kuhama. Ukikutwa katika hatua ya kwanza, wagonjwa karibu tisa kati ya kumi hudhibitiwa ugonjwa wao kwa mionzi au kwa upasuaji wa leza, bila kupoteza kisanduku cha sauti. Unaona kwa nini nakuharakisha. Ikiwa ndiyo saratani, sauti iliyokauka inaweza kuwa imemfanyia baba hisani, mradi msiipuuze.

Ukiota juu ya nyuzi hizo, au kwenye shina la ulimi, au chini kabisa ya koromeo, sauti inaweza kubaki safi kwa miezi. Huko mara nyingi kinachoonekana kwanza ni uvimbe wa shingoni, kando, chini ya taya au katikati ya shingo: mgumu, usiouma, usiopungua baada ya wiki tatu. Watu huufurahia kwa kuwa hauumi. Mimi uvimbe usiouma ndio unaonitia wasiwasi zaidi, maana tezi iliyovimba kwa maambukizi kwa kawaida huuma kisha hunywea. Ukiota nyuma ya pua, sikio moja huziba, au pua hutoka damu bila kugongwa. Na ukiota kwenye umio, chakula kigumu hukwama kwanza, baadaye chakula laini, mwishowe hata maji.

Baba yako anapaliwa na maji, hujaniambia kwamba chakula kigumu kinakwama. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kupaliwa na maji huelekeza zaidi kwenye mlango wa njia ya hewa usiojifunga kwa wakati, kuliko kwenye mrija ulioziba. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo, kwamba ni maji.

Kuhusu sikio, niruhusu nikiri jambo. Mwanzoni mwa kazi yangu alikuja mzee akilalamika sikio la kushoto. Nikalitazama, likawa jekundu kidogo, nikampa matone. Akarudi, nikambadilishia matone. Mara ya tatu mkewe ndiye aliyesema, "Daktari, na kumeza kunamuuma." Nilipomfungua mdomo na kubonyeza shina la ulimi kwa kidole, uvimbe ulikuwepo. Mishipa ya fahamu inayohudumia koo ina matawi yanayofika sikioni, na ubongo haujui kutofautisha maumivu yametokea tawi lipi. Tangu siku hiyo, mtu mzima akiumwa sikio moja na sikio likawa zima, siachi mpaka nimeona koo lote. Yule mama alinifundisha zaidi ya kitabu.

Na hapo ndipo ulipo umuhimu wako wewe unayeishi naye. Wazee hawasemi. Si kwa ukaidi. Wengi hawataki kuwa mzigo, na wengine wamezoea maumivu kiasi kwamba hawayahesabu tena. Wao hubadilisha tabia. Kwa hiyo usimhoji baba, kaa naye mle. Tazama kama mlo uliokuwa ukimchukua dakika ishirini sasa unamchukua saa nzima. Tazama kama ameacha vyakula vikavu bila kutaja sababu, kama kila tonge analisukuma kwa maji, kama anageuza shingo upande mmoja ili kumeza, kama ameanza kutema mate kwenye leso. Sikiliza sauti yake mara baada ya kumeza: ikiwa imelowa, kama mtu anayesukutua, ujue kuna kitu kimebaki juu ya njia ya hewa. Meno ya bandia yaliyokuwa yakimkaa sawa yakianza kulegea, inaweza kuwa fizi zimepungua kwa kukonda, au kuna kinachoota chini yake. Na kwa mzee mwenye maradhi ya kusahau, dalili pekee inaweza kuwa kukataa chakula, au kukiweka shavuni asikimeze. Familia husema amekuwa msumbufu, kumbe anaumwa.

Unaweza kuishika shingo yake kwa upole, pande zote mbili kwa pamoja ili ulinganishe. Mwangalie pia mdomoni kwa tochi ya simu: kidonda kisichopona kwa wiki tatu, baka jeupe au jekundu, tonsi moja iliyo kubwa kuliko mwenzake. Lakini usije ukajiridhisha kwa kutoona kitu. Sehemu kubwa ya koo haionekani kwa mdomo kufunguliwa.

Yapo mambo ambayo hayangoji miadi, yanataka hospitali saa hiyohiyo. Pumzi inayopiga mluzi au kukoroma akiwa macho, maana njia ya hewa inaziba. Damu mbichi inayotoka kooni. Kushindwa kumeza hata mate yake. Homa pamoja na pumzi za haraka baada ya kupaliwa.

Pengine unajiuliza imetoka wapi. Tumbaku ndiyo inayoongoza, ya kuvuta na ya kutafuna. Pombe inafuata, na vikikutana, madhara ya kimoja huzidishwa na kingine. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, husababisha saratani za tonsi na shina la ulimi, hata kwa watu ambao hawajagusa sigara. Virusi vya Epstein-Barr vinahusishwa na ile ya nyuma ya pua. Vumbi la asbesto na mvuke wa asidi kali ya salfa kazini vimethibitika kudhuru zoloto. Kuhusu umio, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzijoto 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Kuacha sigara miaka minane iliyopita kumempunguzia baba hatari, ila hakukuifuta. Basi, yatosha. Asisikie neno "sigara zako" kutoka kwa yeyote nyumbani. Amekwisha kujilaumu usiku, niamini.

Kliniki atapitishiwa kamera nyembamba puani, akiwa macho, ameketi. Humchukua dakika chache. Pua hutiwa dawa ya ganzi, hutoka machozi kidogo, basi. (Mtu wa kwanza kuzichunguza vizuri nyuzi za sauti zikifanya kazi hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, mwaka 1854, akitumia vioo viwili na mwanga wa jua, na koo alilolitazama ni lake mwenyewe.) Kukionekana kitu, kitachukuliwa kinyama kwenda kupimwa, na uvimbe wa shingoni utachomwa sindano nyembamba. Hapa nitasikia ile hofu: "kansa ikiguswa na kisu inasambaa". Kuchukua kinyama kwa utaratibu hakuisambazi saratani ya koo, na bila kinyama hakuna tiba inayoweza kuchaguliwa kwa haki. Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, na kama anatumia za kuzuia damu kuganda, sema kabla hajaguswa.

Na jibu likirudi kwamba hakuna saratani, lakini sauti inaendelea kuharibika, rudini. Kosa hili lina historia ndefu. Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, alikauka sauti Januari 1887. Madaktari wake walishuku saratani, lakini vinyama vilivyochukuliwa havikuonyesha, basi upasuaji ukaahirishwa. Februari 1888 alilazimika kutobolewa shingo ili apumue, Machi akawa mfalme bila sauti, na tarehe 15 Juni akafariki baada ya siku 99 za utawala. Kinyama husema ukweli wa mahali kilipokatwa tu. Kikikatwa kando, kitasema ya kando.

Niwageukie kaka zako, na uwasomee sehemu hii. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu vipimo wala tiba. Tunachopima ni nguvu: anatembea vipi, figo na moyo vikoje, anakula nini, akili yake ikoje, nani yuko nyumbani. Mtu wa miaka 78 anayejihudumia mwenyewe anaweza kuimaliza mionzi vizuri kuliko wa miaka 60 aliyedhoofika. Ni kweli mengine hubadilika na umri. Tibakemia (dawa za kuua seli za saratani) inayoambatanishwa na mionzi huongeza manufaa kwa walio vijana zaidi, lakini manufaa hayo hupungua miaka inavyosonga, na baada ya 70 hayaonekani sana, ilhali madhara yake kwa figo na masikio yanabaki palepale. Kwa hiyo muulizeni daktari, "Kwa mtu kama baba, hii itamwongezea nini?" Hilo ni swali la watu wazima. "Ni mzee, aachwe" si swali.

Kuhusu kumficha: aliyekauka sauti na kuanza kukonda tayari anajua kuna jambo. Mnachoweza kumficha ni jina tu, na kwa kulificha mnamwacha peke yake na hofu aliyonayo. Zaidi ya hapo, tiba ya koo inamtaka ashiriki: afanye mazoezi ya kumeza kila siku, avumilie mionzi wiki baada ya wiki. Hawezi kushirikiana na asichokijua. Mimi humuuliza mgonjwa mwenyewe, mapema, kabla majibu hayajatoka: "Mzee, ukipatikana ugonjwa, ungependa nikueleze kila kitu, au nimweleze mtu utakayemtaja?" Wapo wanaosema, mweleze binti yangu. Hilo naliheshimu, kwa sababu amelichagua yeye.

Ikiwa ni saratani, tiba itakuwa upasuaji, mionzi, tibakemia, au mchanganyiko wake. Mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 7. Kabla haijaanza, aonwe na daktari wa meno. Usilipuuze hili hata kama amebakiza meno manne. Taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri jino likija kung'olewa baadaye, na mfupa unaweza kufa. Meno mabovu yatolewe kabla, yapewe wiki mbili au tatu kupona.

Sasa nyumbani.

Watu wengi hujiandaa kwa wiki za mionzi, wakidhani ikiisha wameshavuka. Sivyo inavyokwenda. Vidonda vya koo na mdomo huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi hadi mwisho, na siku ngumu kuliko zote mara nyingi huwa wiki mbili baada ya mionzi kwisha, wakati wageni wameacha kuja na kila mtu anasema sasa amepona. Pangeni zamu za ndugu zifike huko.

Kula ndiko kutakakokupa kazi kubwa. Akae wima kabisa, miguu imefika chini, si kuegemea mto kitandani. Kijiko kidogo, ameze, ameze tena bila kuongeza, ndipo kijiko kingine. Televisheni izimwe, na asiulizwe swali akiwa na chakula mdomoni, maana kujibu hufungua njia ya hewa. Baada ya kula abaki wima angalau nusu saa. Chakula kiwe laini, kinachoshikamana, chenye mchuzi. Kinachomomonyoka kuwa punje kavu humtesa, na kilichochanganyika maji na vipande ndicho hatari zaidi. Vya moto sana, vikali na vichachu viondoke mezani kwa muda. Akiwa amepewa dawa ya maumivu, ainywe nusu saa kabla ya mlo, si baada ya kulia na maumivu. Mbinu za kuinamisha kidevu au kuvifanya vinywaji viwe vizito zifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu wa kumeza aliyempima yeye. Nimeona watu wakiiga kwa mgonjwa mwingine, na kinachomwokoa huyu kikampalia yule.

Usihesabu kikohozi peke yake kuwa ndiyo ishara ya kupaliwa. Kwa wazee, na kwa koo lililopigwa mionzi, chakula kinaweza kushuka mapafuni kimyakimya. Homa ndogondogo zinazorudi, makohozi yaliyozidi, kuchoka katikati ya mlo: ripoti hayo. Na msafishe mdomo vizuri sana, mara nne kwa siku au zaidi, hata siku asizokula kwa mdomo. Vijidudu vya mdomo mchafu vikishuka na mate ndivyo vinavyoleta nimonia. Lita moja ya maji, kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha soda ya kuokea, ile bikabonati: asukutue na kutema. Dawa za kusukutua zenye spiriti zitamchoma, ziache.

Mpime uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, mzani uleule, uandike. Kwa mtu wa kilo 60, kupoteza kilo 3 ndani ya mwezi ni jambo zito, usingoje miadi ijayo. Mkojo wa rangi nzito na kuchanganyikiwa ghafla kwa mzee mara nyingi ni kukosa maji, na huo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Huenda akahitaji mpira wa kulishia, wa puani au wa tumboni. Familia huupokea kama tangazo la kifo, nami hutumia muda mrefu kuwaambia kwamba kwa wengi ni daraja la miezi michache. Kichwa na kifua viinuliwe wakati wa kulisha na nusu saa hadi saa baadaye. Sukuma maji kabla na baada ya chakula ili mpira usizibe. Vidonge visisagwe bila kuuliza, kwa maana vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole, na vikisagwa hutoa yote kwa pamoja. Wa puani ukichomoka kidogo, usiurudishe mwenyewe na usilishe. Na hata akiwa na mpira, kama mtaalamu ameruhusu, aendelee kumeza chochote alichoruhusiwa kila siku, japo vijiko vichache vya maji. Koo lisilomeza kwa wiki kadhaa husahau na kukakamaa, na kulirudisha ni kazi ndefu.

Ikifika akatolewa zoloto lote, atapumulia tundu la shingoni maisha yake yote. Kila mtu nyumbani ajue kwamba pua na mdomo wake havifikishi tena hewa mapafuni. Akizimia na akahitaji kupulizwa pumzi, ni kwenye tundu la shingo. Maji yasiingie hapo anapooga, na hewa anayovuta iwe na unyevu na kichujio, maana pua iliyokuwa ikifanya kazi hiyo haipo njiani. Atapoteza sehemu kubwa ya kunusa, kwa hiyo moshi na gesi hatavihisi. Sauti inaweza kurudi kwa njia nyingine: kifaa kidogo cha kuongelea kinachowekwa kati ya njia ya hewa na umio, kifaa cha umeme cha kuweka shingoni, au kujifunza kusema kwa hewa ya umio. Kabla ya upasuaji mrekodi akisema majina ya wajukuu. Wapo waliojutia kutofanya hivyo.

Maumivu. Daktari akiandika morfini, msiogope. Kwa maumivu ya saratani, ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake, ni nadra kumgeuza mtu mraibu, wala haimharakishii kufa. Itamfunga choo, karibu kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Hapa ndipo watu wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, wanapofaa sana, na si lazima awe mahututi ndipo waitwe. Kama yuko kwenye tibakemia na joto likafika 38, hiyo ni safari ya hospitali usiku uleule. Usimpe kwanza dawa ya homa ukangoja asubuhi.

Jambo ambalo halionekani kwenye mzani ni upweke. Saratani hii humnyang'anya mtu vitu viwili vinavyomkutanisha na wenzake, kula na kuongea. Wazee wengi huanza kula chumbani kwa aibu ya kudondosha au kukohoa. Usimwache. Kaa naye hata kama yeye analishwa kwa mpira. Mpe ubao wa kuandikia na kengele ya kuitia, uliza maswali ya ndiyo au hapana, na umsubiri amalize. Msimsemee. Akianza kusema hana maana tena, akikosa usingizi, akikataa dawa anazozijua, mwambie daktari waziwazi. Sonona (huzuni nzito iliyo ugonjwa) kwa wagonjwa wa koo ni nyingi na inatibika. Akitamka kwamba afadhali afe, usimwache peke yake, na mtafutie msaada siku hiyohiyo.

Baadaye, hata akipona, shingo iliyopigwa mionzi inaweza kulemaza tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo inayoendesha kasi ya mwili. Mzee akianza kuhisi baridi, kulala sana na kuwa mzito miezi au miaka baadaye, mtasema tena ni uzee. Apimwe damu. Kipimo hicho kifanywe kila miezi 6 hadi 12.

Nawe ulale. Daftari moja likae sebuleni: uzito, dawa, aliyekuja zamu, kilichomezwa. Kaka asiyeweza kukaa naye anaweza kuchukua safari za hospitali, au usiku wa Jumamosi.

Siku ya miadi andika kwenye karatasi tarehe sauti ilipoanza kukauka, kwamba ni maji yanayompalia, sikio ni la kulia, na uzito wa leo. Iweke mfukoni. Daktari atakapouliza, "Mzee, tatizo nini?", ngoja baba ajibu mwenyewe, kwa sauti hiyohiyo inayokwaruza, hata akichukua muda. Yeyote anayeijua kazi hii atataka kuisikia.